Chupa Chini ya Kitanda

Kisangani

Kwako Papa mheshimiwa,

Pokea salamu za mwanao pamoja na heshima inayokustahili. Je, miguu yako ingali inakuruhusu kwenda msikitini? Na Mama, macho yake yamepata nafuu? Mimi ningali hospitalini, ila ninaelekea kwenye uzima.

Ujumbe wako umenifikia, kwamba kaka Ramazani aje kunitoa huku anirudishe Kindu, kwa kuwa umeambiwa mrija niliotiwa ubavuni unaninyonya nguvu. Niruhusu nieleze.

Mrija huo unayatoa maji yaliyolizunguka pafu langu na kuyashusha katika chupa iliyo sakafuni. Nikivuta pumzi, maji ya mrijani hupanda, nikiitoa, hushuka. Alasiri, mvua inapopiga mabati, ninayatazama hadi nisijue kama anayepumua ni mimi au ni mto unaopita hapa mjini.

Juma lililopita mama mkwe alikuja kunitazama. Niliona haya kwamba uchafu wa mwili wangu ukae mbele ya macho yake. Nikamwagiza mke wangu aipandishe chupa kitandani, aifunike kwa kitenge. Tulikuwa bado katika kusalimiana maji yakanirudia kifuani, sauti ikakatika.

Muuguzi wetu, Mama Béatrice, aliishusha chupa kabla hajauliza neno. Akaufuata mrija kwa vidole, kiungo kwa kiungo, akanikalisha, akaniamuru nikohoe, akayatazama maji mpaka yalipoanza tena kucheza.

"Papa, chupa inabakia chini ya kifua, kila saa," aliniambia. "Ao unataka kuzama mu kitanda kikavu?"

Mama mkwe akacheka. "Mukwe, nilizala batoto munane. Ulikuwa unanificha nini?"

Kwa hiyo, Papa, kilichokaribia kuniua ni haya yangu, si mrija. Mama Béatrice asema pafu halijafunguka lote. Mrija ukichomolewa sasa, hewa itaingia kifuani na kulibana pafu, nami sitafika hata Ubundu njiani. Ninaomba kwa unyenyekevu: Ramazani asije kunitoa. Akija, aje na mkeka, akae nami, kwani mke wangu amechoka kunilinda peke yake.

Unisalimie Mama, shangazi muuza mawese, na mjomba fundi cherehani.

Ni mimi mwanao mtiifu, ambaye kwa mara ya kwanza anakusihi ubadili neno lako,

Asumani