Mto Usiokuwa wa Halmashauri Yoyote

Ilolwe,
14 Agosti 2022

Kwa Mheshimiwa Gideoni,
Diwani wa Kata ya Manyembe, ng'ambo.

Salaam. Natumaini u mzima, wewe na mkeo Hilda na watoto. Huku sisi wazima, isipokuwa mgongo wangu, nao nimeshauzoea.

Nakuandikia kama Mwenyekiti wa Kijiji cha Ilolwe, usije ukafikiri ni kitu kingine. Namba yako ya simu ninayo, lakini jambo la ofisi napenda liwe kwenye karatasi. Na jambo lisilo la ofisi sina la kuzungumza nawe, tangu tulipomzika mama na wewe haupo.

Jambo lenyewe ni daraja. Kila tukiomba, halmashauri yetu hutujibu kwamba Mto Nyaluhe uko wilaya yenu. Nasikia ya kwenu huwajibu kwamba uko wilaya yetu. Basi mto hauna mwenyewe, na kila masika mabinti zetu wanaosoma sekondari huko kwenu wanakaa nyumbani mpaka maji yapungue, wakirudi darasani wanatazama ubao kama wageni.

Sasa imekuja barua kutoka Ofisi ya Mkoa, Dodoma. Fedha ya serikali kuu kwa ajili ya madaraja ya vijijini ipo, lakini mkoa hautalipeleka jina la Nyaluhe mpaka halmashauri zote mbili zikae na kukubaliana. Mhandisi wa mkoa atakuja tarehe 2 Septemba. Kikao kitafanyika mchangani, katikati ya mto maana sasa ni mkavu, kwa sababu kila upande umekataa kwenda kwa mwenzake.

Njoo, na uje na Mkurugenzi wenu. Barua anakuletea Mwalimu Castory, anayefundisha huko kwenu na kulala huku kwetu.

Asnath,
Mwenyekiti wa Kijiji
(dada yako)


Manyembe,
17 Agosti 2022

Dada yangu Asnath,

Shikamoo. Mwalimu Castory alinikuta zizini, barua yako nikaisoma nimesimama. Hilda anakusalimu, watoto wanakusalimu shangazi yao. Pole kwa mgongo. Usibebe maji mwenyewe, mwachie Penina, mjukuu si ndiyo kazi yake.

Barua nzima niliisoma mara moja. Yale maneno mawili ya kwenye mabano nimeyasoma mpaka Hilda akaniuliza natafuta nini.

Kikao nitakuja. Nakuonya tu kwamba wataalamu wetu wana ramani yao na wanaipenda sana. Habari ya mama naomba tuiache kwa leo. Tutaonana mchangani.

Mdogo wako,
Gideoni


Ilolwe,
5 Septemba 2022

Gideoni,

Natumaini u mzima, maana kama si mgonjwa sijui utasema nini. Ulisema utakuja. Magari ya halmashauri yenu yalifika, nikatazama kila aliyeshuka mpaka milango ikafungwa. Nilikuwa nimejiapiza nisikuandikie tena. Lakini niliyoyaona yamenijaa kifuani, na hapa kijijini kila ninayetaka kumsimulia alikuwepo.

Huyo mhandisi wa mkoa ni mwanamke, Angelina, mwembamba, kavaa mabuti ya mpira kana kwamba masika yameshaanza. Hakukaa kwenye kiti tulichomwekea. Aliwaambia wataalamu wa pande mbili, "Kila mmoja aende asimame pale mpaka ulipo, kwa mujibu wa ramani yake."

Wetu akaenda akasimama kwenye ukingo wetu. Wenu akaenda kusimama huko kwenye ukingo wenu. Katikati yao mto mzima, mchanga mtupu, na ng'ombe wa mtu wanapita! Watu walicheka mpaka Mkurugenzi wetu naye akacheka.

Angelina hakucheka. Alitembea mpaka katikati akachomeka fimbo. "Basi leo hapa ni pa mkoa," alisema. "Daraja ni fedha ya serikali kuu, na sisi mkoa tutalisimamia. Barabara ya kuingilia, kila halmashauri itajenga ya upande wake kwa mapato yake ya ndani. Vijiji mtaleta mawe. Lakini sikilizeni. Upande mmoja ukikosa kuiweka barabara yake kwenye bajeti, fedha inaenda mto mwingine. Daraja la kuingilika upande mmoja sijengi."

Kisha akauliza, maji hufika wapi? Mzee Matonya akamwonyesha mgunga ulio ukingoni, yale majani makavu na matambara yaliyonasa juu kwenye panda. Gideoni, yule mhandisi alinyanyua uso, akanyanyua tena. Akavua kofia yake. Mimi nimezaliwa hapa, na nadhani nilikuwa sijawahi kuutazama ule mti.

Usiponijibu nitaelewa.

Asnath


Manyembe,
3 Machi 2023

Dada yangu,

Shikamoo. Hali yako? Mgongo? Sisi tunamshukuru Mungu, uwele umesimama vizuri mwaka huu.

Siku ile tuliondokea mjini, na magari yalikuwa yamejaa, mimi nikiwa ndani. Mhandisi wetu alikuwa amebaki nje. Nikaona sauti yake ndiyo iliyohitajika kwenye kikao, sauti yangu haisaini chochote. Nikashuka. Nilikuandikia hivyo Oktoba, nikaichana. Nikakuandikia Desemba, mto ukawa umeshajaa. Na hii sijui itakufikia lini. Mwalimu Castory anaishi kwetu mpaka maji yashuke.

Nina habari. Baraza la madiwani limekaa kwa bajeti. Wengi walitaka fedha yetu ya ndani iende stendi ya mjini. Walisema, "Manyembe ni kata moja, stendi ni ya wote." Walikuwa na haki ya kusema hivyo, kata zao ziko mbali na mto. Nilisimama nikasema maneno ambayo sikutarajia kuyasema mbele ya watu. Nikakaa. Mwenyekiti wa baraza akauliza wanaoafiki, mikono ikanyanyuka, na ya wale wa stendi imo.

Barabara yetu imo kwenye bajeti, dada. Nilitoka nje nikaisukuma pikipiki mpaka barabarani bila kukumbuka kuiwasha.

Mdogo wako,
Gideoni


Ilolwe,
20 Aprili 2023

Mdogo wangu Gideoni,

Wote huku wazima. Barabara ya kwetu nayo imepita kwenye bajeti, hata mabishano hayakuwa marefu, maana hakuna aliyetaka ionekane sisi ndio tuliofanya daraja likosekane.

Mwalimu amevuka jana na barua yako. Lakini maneno yako yalishanifikia kabla yake, kwa kuzunguka. Diwani wetu aliyapata kwa madiwani wenzake mjini, akaja kunisimulia jikoni kwangu akidhani nayajua. Anasema uliwaambia kwamba mama alipokuwa anakata roho, wewe ulikuwa ndani ya mto.

Ni kweli? Na kama ni kweli, kwa nini halmashauri nzima ijue, mimi niwe wa mwisho?

Dada yako,
Asnath


Manyembe,
2 Mei 2023

Dada yangu Asnath,

Shikamoo. Naomba uisome hii umekaa.

Uliponipigia kwamba mama amezidiwa, nilifika mtoni mchana huo huo. Jua linawaka, kwetu hakuna hata tone lililodondoka, na mto umejaa ukingo kwa ukingo. Mvua ilikuwa imenyesha huko milimani. Gari la kuzunguka kwa lami lilikuwa limeshaondoka, jingine ni kesho yake. Ng'ambo nikauona moshi wa jiko lako. Nikaingia.

Sikufika hata robo. Watu husema maji yanasukuma. Yale hayakunisukuma, dada, yaliniondoa tu, kama mtu anavyoondoa kikombe mezani. Nilipita chini ya miti. Ng'ombe mzima alinipita akiwa miguu juu. Hofu ilikuja baadaye. Mle ndani niliona ukubwa tu, nikajua kwamba kitu hiki hakina habari na mimi, hakinijui jina wala hakijui kwamba nina mama. Nikanasa kwenye mizizi ya mgunga, mbali sana huko chini, na wafugaji wakanivuta kwa kamba ya ndama. Nililala kwao na homa, sijijui.

Nilipofika kwako kwa kuzunguka, kaburi lilikuwa limeshafukiwa. Ulinitazama, ukageuka ukaingia ndani. Nilitaka kusema, nikaona msiba ni wa mama, si mahali pa kuhadithia yangu. Kisha siku zikapita, na kila siku iliyopita ikawa ngumu zaidi kuanza.

Madiwani niliwaambia kwa sababu hawakuwa dada yangu.

Mdogo wako,
Gideoni


Ilolwe,
11 Novemba 2023

Mdogo wangu,

Natumaini mu wazima wote. Nimekaa na barua yako tangu Mei. Kila nikishika kalamu naona sina neno la ukubwa wake, basi nikawa naenda kubeba mawe. Mgongo ulilalamika nikauambia unyamaze.

Nawe nimekuwa nakuona ukingo wa pili na watu wako, mkishusha mawe kama sisi. Ulipunga mkono. Nilipunga, sijui kama uliniona.

Siku ya kumwaga zege nguzo ya katikati nilisimama tangu alfajiri. Magari mawili makubwa ya kuchanganyia, moja lililetwa na mkandarasi kutoka Ihumwa, na hairuhusiwi kupumzika mpaka nguzo ijae. Watu wa mkoa, watu wa kwenu, watu wa kwetu, wote wana vumbi la saruji hata kope zimekuwa nyeupe, huwezi kujua nani wa halmashauri gani. Miaka yote serikali kwangu ilikuwa mhuri kwenye karatasi. Kumbe ikikubaliana yenyewe kwa yenyewe, inaweza kusimama wima kutoka mchangani, juu kuliko nyumba ya Mungu. Nilishindwa kula siku ile.

Bado sina neno kuhusu lile jambo lako. Nivumilie.

Dada yako,
Asnath


Ilolwe,
19 Januari 2024

Mdogo wangu Gideoni,

Najua u mzima, juzi nimekuona kwa macho yangu. Naandika kwa sababu pale katikati ya daraja hatukusikiana hata kidogo kwa ngurumo za maji, na nilichokisema nataka ukijue.

Nianze tangu mwanzo, maana wewe ulifika mto ukiwa umeshajaa. Mimi niliuona ukija.

Unajua nyumba yangu iko mlimani. Miaka yote masika nasikia mto kwa mbali, nasema umejaa, naendelea kupepeta. Juzi nilishuka kukagua barabara yetu ya kuingilia. Jua linawaka. Mchanga mkavu, mbuzi wanalala kivulini chini ya daraja. Mara mbuzi wakaamka wote kwa pamoja wakakimbia, kisha miguu yangu ikaanza kusikia mtetemo kabla ya masikio. Mtu akapiga kelele, "Unakuja!"

Nilitegemea kuona maji. Hayakuwa maji, Gideoni! Ulikuwa msitu unatembea. Magogo, matete, paa la nyumba, povu la rangi ya udongo, na mbele yake vumbi linakimbizwa. Mchanga ule niliotembea tangu utoto ulifutika nikiwa natazama. Gogo nene likaenda kuipiga ile nguzo ya katikati, daraja zima likaguna, nasi sote tukashika vichwa. Gogo likazunguka, likapita. Nguzo ikabaki. Likaja jingine. Nguzo ikabaki. Mzee Matonya alipiga magoti palepale kwenye kokoto, wala hakuna aliyemcheka.

Wanafunzi walikuwa wamesimama na mabegi yao, Penina akiwa mbele. "Bibi, tupite?" Nikaona mwenyekiti ndiye wa kuanza. Nikajifunga kanga vizuri nikaenda. Chini yangu kile kitu kinapita, nakihisi kwenye magego. Nikasimama katikati nikakitazama sawasawa, nikajisemea, hiki ndicho alichoingia mdogo wangu kwa sababu aliona moshi wa jiko langu. Nilikulaumu kwa kutovuka kitu ambacho mimi sikuwahi kukikaribia.

Nilipoinua macho wewe unakuja kutoka upande wenu, na suti yako ya baraza imelowa. Nikakushika mikono, nikasema. Ukatikisa kichwa, ukasema kitu, nami sikukusikia. Kisha ukageuka ukaenda zako! Nikabaki nashangaa.

Nilichosema ni hiki: twende nyumbani. Penina alikuwa ameshapika ugali wa uwele na mlenda kabla ya kutoka kwenda shule, kuku yupo, nilitaka ukale kwangu, kisha twende wote kwenye kaburi la mama, wewe na mimi, tukae pale bila haraka. Njoo Jumapili basi, na Hilda, na watoto.

Daraja limefunguliwa rasmi au halijafunguliwa, sijui, wakubwa watakuja na utepe wao. Mabinti wameshaenda shule.

Dada yako anayekupenda,
Asnath


Manyembe,
20 Januari 2024

Dada yangu,

Shikamoo. Kumbe! Mimi pale nilisikia "rudi nyumbani". Nikarudi. Nimekaa hapa siku tatu nakula chakula bila kukisikia ladha, Hilda ananiuliza kulikoni, namwambia dada bado hajanisamehe.

Jumapili ni kesho, nami naiona mbali. Barua hii simpi Mwalimu Castory, naibeba mwenyewe, na Hilda ameshawavalisha watoto viatu. Usinijibu. Pakua.

Mdogo wako,
Gideoni