Hasira Haina Nakala Tatu

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, wewe na wifi yangu na watoto wote. Natumaini mgongo umekupa nafuu, na kwamba umeacha kujilaza chini ya malori kama kijana wa miaka ishirini. Gereji ina mafundi, waache nao wapakwe grisi. Wifi vipi macho? Ile dawa ya matone anaitumia, au ameificha kabatini kama kawaida yake? Mimi ni mzima, isipokuwa magoti ambayo hunikumbusha umri kila nikipanda ngazi za ofisi. Naandika nikiwa mezani jikoni, asubuhi ya Jumamosi, na chai imeshapoa mara mbili kwa sababu sijui nianzie wapi.

Nianze na ujumbe wako wa simu. Nimeusikiliza mara tatu. Ulisema, "Chiriku, achana na mambo ya korti. Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo." Kaka, methali hiyo naipenda, ila ndwele hii haijapita. Inavaa suti ya kijivu, na kila sherehe ya manispaa huwekewa kiti safu ya mbele. Unajua ninayemsema. Sisi makarani tulimwita Bwana Mhuri tangu alipokuwa katibu wa manispaa, kwa sababu alitembea na mhuri mfukoni kama wengine wanavyotembea na leso. Leo ni mstaafu mwenye heshima zake, na barabara ya hospitali imepewa jina lake. Unaniambia nigange yajayo, nami kila siku napita juu ya jina hilo kwenda kazini.

Hukuwahi kuniuliza ilianzaje, kwa hiyo nikueleze. Masjala yetu inahamia jengo jipya. Mwezi wa kwanza ililetwa barua kwamba mafaili ya mwaka ule wa mauaji, rafu ya kumi na nne hadi ya kumi na saba, yateketezwe kwa kuwa yameliwa na mchwa. Nilicheka peke yangu. Mchwa wa manispaa yetu wana akili kweli: wamekula mwaka mmoja tu, wakauacha wa kabla yake na wa baada yake! Nilishuka stoo na tochi. Hapakuwa na mchwa hata mmoja. Kwenye rafu ya kumi na sita nilikuta faili la kijani lililoandikwa "Usafi wa Mji". Ndani yake mlikuwa na karatasi kumi na tisa, nakala ya tatu ya kaboni, wino wa zambarau umefifia lakini unasomeka. Majina, namba za nyumba, idadi ya watu katika kila nyumba. Yote yalitoka kwenye daftari letu la wakazi, lile lenye safu ya "Asili", na katika karatasi zote kumi na tisa asili ilikuwa moja tu.

Nilizitia mkobani chini ya sweta, nikamuaga mlinzi, nikamuulizia mkewe, nikaondoka. Kesho yake nilizipeleka kwa mwendesha mashtaka wa mahakama maalumu. Ni binti mdogo, ningeweza kumzaa mimi. Alihesabu kwa penseli, midomo ikicheza: majina mia nne na sita. Halafu akanieleza jambo ambalo kwa miaka yote hii nilikuwa nalijua mwilini bila kulijua kwa maneno. Alisema kuua watu wengi ni uhalifu mkubwa, lakini ili mahakama iyaite mauaji ya kimbari lazima ionekane nia, yaani kwamba mtu alikaa akaamua aina fulani ya watu isiwepo tena duniani, mzee kwa mtoto, kwa sababu tu wamezaliwa wao. Upande wa pili, wa Bwana Mhuri, akasema, umeng'ang'ania kwamba hapakuwa na nia yoyote. Wananchi walipandwa na hasira, yakatokea machafuko, basi. Nikamwambia, "Mwanangu, hasira haina nakala tatu. Hasira haipangi watu kwa alfabeti." Alianza kucheka, kisha kicheko kikamkatikia njiani.

Tangu siku hiyo nimeonja mengi. Nimetolewa masjala baada ya miaka thelathini na moja na kuwekwa dirisha la leseni za baiskeli. Wenzangu wakinywa chai, birika linanipita kama nina ukoma. Siku moja nilikuta meza yangu imeandikwa kwa chaki neno MSALITI. Sikulifuta. Waliokuja kulipia baiskeli walilisoma, na mzee mmoja akaniuliza nimemsaliti nani. Nikamwambia bado natafuta, nikimpata nitamjulisha. Akacheka hadi akasahau risiti yake.

Bwana Mhuri mwenyewe alikuja hapa nyumbani Jumapili moja mchana, amebeba kilo mbili za sukari. Alikaa kwenye kiti cha marehemu baba bila kukaribishwa. Aliniita "binti yangu". Alisema mji umepona, watu wanaoana tena, watoto wanasoma darasa moja, mimi nataka kuutonesha kidonda kwa faida ya nani? Nilimjibu kwamba kidonda kilichofungwa na uchafu ndani hakijapona, kinanuka polepole. Akatabasamu. Kisha, akiwa amesimama mlangoni, akanitajia jambo moja kwa sauti ya chini. Nitakuambia, kaka, usiharakishe. Nilimrudishia sukari yake.

Wiki iliyopita nikapanda kizimbani. Watu walijaa hadi kwenye madirisha. Wakili wake, kijana mwenye sauti ya mtangazaji, aliniuliza kama mimi ni mtaalamu wa historia. Nikasema hapana, mimi ni karani: mwanahistoria atakuambia kwa nini, karani atakuonyesha nani alipiga mhuri. Akauliza kwa nini niite mauaji ya kimbari yale ambayo vitabu vya shule vinayaita machafuko. Nikamwomba asome kichwa cha karatasi ya kwanza. Hakutaka. Jaji akamwamuru. Akasoma, "Usafi wa Mji, nyumba kwa nyumba, awamu ya kwanza." Nikamuuliza ni wananchi gani wenye hasira wanaopanga awamu.

Ndipo wakili akashika ile karatasi, akaonyesha chini kabisa pembeni, penye herufi ndogo baada ya alama ya mkwaju, akauliza ni herufi za nani. Muda ulikuwa umekwisha. Jaji akaahirisha hadi Jumanne.

Kaka, kama umesimama, kaa. Wewe unajua taratibu za ofisi kidogo, unajua mpiga chapa huweka herufi za jina lake chini ya kila anachokichapa. Herufi zile ni zangu. Ndizo alizonitajia Bwana Mhuri mlangoni.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, miezi sita kazini. Ilikuwa Jumatano. Aliniletea orodha ya mkono, akafunga mlango kwa ufunguo, akasema ni kwa ajili ya vitambulisho vipya. Karatasi ya kwanza niliamini. Ya pili nikaona asili ni moja. Ya tatu nikajua. Sikujua watakavyokufa, lakini nilijua kwamba hakuna heri inayochapwa nyuma ya mlango uliofungwa. Niliendelea kuchapa.

Karatasi ya nne, mstari wa kumi na moja, palikuwa na fundi saa. Baba yake wifi. Mkwe wako. Watu wanne. Aliyeandika kwa mkono alikuwa amekosea: jina lilikosewa herufi, na namba ya nyumba iliandikwa 221. Unakumbuka 221 kilikuwa kiwanja kitupu chenye magugu. Mimi niliyeandika kadi zenu za harusi miezi minne kabla yake nililijua jina lile na nyumba ile kama ninavyojua yetu. Nikasahihisha. Nikaweka jina vizuri, nikaweka 212. Hakuna aliyeniambia. Nilisahihisha kwa sababu nilikuwa mpiga chapa hodari na sikupenda makosa. Ningeliacha kosa lile, wangekwenda kugonga magugu.

Nilikuwa na siku mbili za kuwaonya. Alhamisi nilitembea hadi kibandani kwa fundi saa. Alikuwa na ile lenzi yake jichoni, akaninyooshea mkono bila kuinua kichwa, akauliza habari za nyumbani. Nikasema nzuri. Nikarudi. Jumamosi lori likaja, na mwenye kuliongoza alishika karatasi.

Miaka yote hii wifi amekuwa akiuliza nani aliwaonyesha nyumba ya wazazi wake, ilhali mlango haukuwa hata na namba. Akaamua ni jirani yao muuza mkaa. Hakumwamkia tena hadi alipokufa, na mazishini hakwenda. Mimi nilikuwa nikikaa naye sebuleni kwenu, nikimsikia akimlaani mtu yule, na nikinywa chai yake. Muuza mkaa hakumwonyesha mtu nyumba yoyote. Ameingia kaburini na jina langu la aibu. Wanawe wapo, na wifi ana haki ya kujua ni nani hasa wa kunyimwa salamu.

Mwendesha mashtaka ameniambia kwamba sheria inaniruhusu kutojibu swali la Jumanne, na kwamba nikijibu naweza kushtakiwa mimi mwenyewe. Nimemwambia nitajibu. Bwana Mhuri alidhani herufi zile ni kamba shingoni mwangu. Kumbe ndizo zinazonifanya shahidi: yeye atasema hakuziona karatasi, na mimi nitasema alizileta kwa mkono wake, saa nne asubuhi, akazisubiri amekaa, akazipiga mhuri moja baada ya nyingine. Aliyekuwepo chumbani ni mimi. Wakitaka kunifunga baada ya hapo, mkoba wangu uko tayari na miwani ya akiba imo.

Sikuombi msamaha, na usimwombe wifi anisamehe kwa niaba yangu. Msamaha si haki yangu kuudai. Nakuomba jambo moja tu: msomee barua hii yote, usiruke mstari, ili asilisikie jambo hili kwa mara ya kwanza kutoka kwa wakili. Ndiyo maana nampa binamu aje nayo kwa mkono wake leo hii.

Nimeomba pia kwa jaji niruhusiwe kuyasoma majina yote mia nne na sita kwa sauti. Wakili alipinga, akasema ni kupoteza muda wa mahakama. Jaji amekubali. Nilijaribu jana hapa jikoni, inachukua karibu dakika arobaini, na sauti yangu haikukatika.

Wasalimie watoto, waambie shangazi anawapenda na kwamba watasikia habari zangu redioni, wasizime. Wasalimie mafundi wa gereji. Mwambie wifi nimemwekea nafasi, safu ya mbele, upande wa kushoto. Kama hataki kuuona uso wangu, aje hivyo hivyo. Mimi nitakuwa nimeinamia karatasi, nikisoma.

Ni mimi mdogo wako,
Chiriku