Ubongo Niliokunyima, Mama Zuhura

Mke wangu mpendwa, Mama Zuhura uliyetutangulia,

Watu wakiandika barua huanza kwa kusema wao hawajambo. Mie nikikwambia sijambo utajua naongopa, kwa hiyo hapo napapita.

Naandika kwa mkono wangu. Unaujua mwandiko wangu, kama kuku kapita kwenye unga, ila simpi mtu kazi hii. Jirani mmoja alitaka nimtajie maneno aandike yeye. Nikakataa. Nikimaliza nitampelekea yule kijana mwenye mashine ya kuchapa pale sokoni, aichape, atakayetaka kuisoma aisome. Najua ungesema, "Baba Zuhura, mambo ya ndani unayatoa nje?" Ndiyo, nayatoa. Sababu utaiona mbele.

Unakumbuka nilipoachishwa kazi machinjioni? Biashara ndiyo zimeanza kuruhusiwa, kila nyumba hapa Temeke imeweka meza mlangoni, huyu mitumba, huyu sabuni, huyu betri za redio. Mie nimekaa siku tatu natazama ukuta. Ukaja ukasimama mbele yangu na ufagio, ukasema, "Wewe unachokijua ni vichwa. Basi tuuze vichwa." Tukaweka benchi mbili na sufuria kubwa. Nasema bila kumwogopa mtu, kutoka Tandika mpaka Mtoni hapakuwa na supu ya kichwa cha mbuzi kama yangu. Madereva wa malori walikuwa wanaacha mizigo ya watu inapigwa jua kwa ajili ya supu yangu.

Najua. Ungenikatiza hapo hapo. "Yako? Mwiko ulishika lini?"

Haya, yako. Wewe ndiye uliyebabua manyoya, ukakwangua, ukaosha kwa ndimu, ukapasua, ukachemsha. Mie nilinunua vichwa na nikakaa mbele kupiga soga na wateja. Lakini soga nazo ni kazi, usibishe.

Sasa nije kwenye lile. Ubongo hatukuuza. Marehemu baba alinifundisha kwamba ubongo wa mbuzi ni wa mwenye nyumba, kama firigisi ya kuku. Mwanamke akiula anamsahau mumewe. Mtoto akiula anaota mvi kabla ya ndevu. Nami nikashika hivyo hivyo, tangu tulipooana, tangu miaka ile nikitoka machinjioni na vichwa viwili vitatu kwenye gunia. Ulikuwa unanitengea sahani yangu ya bati, ubongo umetiwa chumvi na pilipili, na mifupa ya uboho pembeni nifyonze. Nakula, nyie mnanitazama. Sasa naona aibu kuandika hivyo. Wakati ule sikuona hata kidogo. Miaka ile ya foleni za chakula, wewe umesimama kutwa kupata unga wa njano, unarudi na miguu imevimba, unakula ugali ule na mchicha, na mie niko na sahani yangu.

Nikawa nalalamika, tena! Unakumbuka? Zuhura alikuwa na miaka miwili hivi, mtoto wetu mmoja tuliyempata kwa kuchelewa, ndipo nikaona ubongo unapungua. Naangalia sahani, nusu. Nikasema mbuzi wa siku hizi wameharibika. Nilimfuata yule Mgogo aliyekuwa akileta mbuzi machinjioni, nikamkamata shati mbele za watu, "Mbuzi wako wajinga, vichwani hamna kitu!" Akanijibu, "Mzee, ukitaka mbuzi mwenye akili kamtafute shuleni, mie nauza wa kuchinja." Nilirudi nyumbani nimefura, nikakusimulia. Ulicheka mpaka ukakaa chini mlangoni, khanga mdomoni. Nilidhani unamcheka Mgogo.

Zuhura naye akaja kuwa na kichwa. Shule ya msingi wa kwanza, sekondari akachaguliwa ya serikali, kisha chuo, anasoma habari za viumbe. Hapo mie nani ananishika? Mtaa mzima nilipita nikisema, hiyo ni damu yangu, ubongo wote niliokula umeingia kwa mwanangu. Ulikuwa unapita na ndoo yako unanisikia, unakwenda zako.

Sikukuu ya Idi mosi iliyopita, mwaka mmoja baada ya wewe kuondoka, Zuhura alinichukua mjini kwenye makumbusho. Alisema, "Baba, wewe mtu wa vichwa, twende nikakuonyeshe kichwa." Nikavaa kanzu ile uliyonishonea. Tukaingia, akanisimamisha mbele ya kioo. Ndani mna fuvu. Limetoka kaskazini huko, kwenye bonde, ni la zamani mno, la kabla ya watu kuwa watu, ndivyo wanavyosema.

Nilimwambia Zuhura, Adamu sijasikia akiwa na sura hii. Akacheka. "Imani yako baki nayo, Baba. Hapa tazama kwa macho tu, uniambie unaona nini."

Mama Zuhura, mie sijasoma, lakini fuvu lile nililisoma kama gazeti. Nikamwambia, angalia hapo utosini, pana tuta la mfupa. Hapo ndipo nyama ya kutafunia inaposhika. Mbuzi hana tuta hilo, kwa hiyo jamaa huyu alikuwa anatafuna kuliko mbuzi. Magego hayo, kama mawe ya kusagia. Kutwa anatafuna vitu vikavu. Na hapa nyuma, panapokaa ubongo, ni padogo, ukikamua hupati hata bakuli la supu likajaa. Walikuwepo watu wawili watatu na watoto wao, wakaacha kutazama vioo vingine wakanisikiliza mie. Mmoja akamuuliza Zuhura, "Sista, huyu mzee ni mwalimu wa hapa?" Nikamjibu mwenyewe, "Mimi ni profesa wa supu."

Zuhura akasema nimepatia yote. Ndipo akanieleza, na nimeshika alivyoeleza. Ubongo ni mlaji mkubwa. Umekaa tu kichwani, haubebi gunia, lakini unakula kuliko mkono unaobeba. Tumbo nalo linataka chakula kingi likisaga majani na mizizi migumu. Mwili hauwezi kulisha wote wawili wakawa wakubwa. Jamaa wa kwenye kioo alilisha taya na tumbo, kizazi chake kikakatika. Wengine walioishi enzi zake walipata njia nyingine, wakaokota mawe, wakapasua mifupa iliyoachwa na simba, wakatoa uboho, wakapasua na vichwa. Wengine wakala samaki. Baadaye wakapata moto, wakapika, chakula kikalainika kabla hakijafika mdomoni, tumbo likapungua kazi, ubongo ukapata nafasi ya kukua. Akasema wasomi wenyewe wanabishana bado, huyu anasema ni nyama, yule anasema ni viazi vya kuchoma.

Nikasema, "Kwa hiyo watu wote wa dunia wametokana na wapika supu ya kichwa." Nilifurahi, Mama Zuhura, sikufichi. Nilijiona mkubwa. Nikamwambia, unaona sasa? Akili zako zimetoka kwa baba yako, ubongo niliokula mie.

Zuhura akasema, "Baba, ubongo ukiula wewe unaingia kwako. Hauvuki ukaja kwangu."

"Ulivukaje basi?"

"Mtoto wa binadamu anazaliwa ubongo haujamaliza kukua. Miaka ile ya mwanzo ndiyo anautengeneza, na kwa hicho anacholishwa. Mtu lazima amlishe. Mie nililishwa."

"Nililisha mie."

"Alinilisha Mama." Alisema taratibu, kama anayemwambia mtu habari ya msiba. "Kila ulipokwenda msikitini alikuwa anapasua vichwa, nusu ya ubongo anakutengea wewe, nusu anaukoroga kwenye uji wangu. Aliniambia ni tui la nazi. Nilipofika darasa la nne ndipo nikajua, nikamkuta. Akaniapisha nisikwambie."

Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi, Zuhura nyuma yangu. Nikamuuliza, "Na yeye alikuwa anakula wapi?"

"Hakula. Nilimwambia, Mama chukua nawe kidogo. Akasema, mie kichwa changu kimeshakua, hakihitaji tena. Alikuwa anafuta kijiko kwenye kikombe changu mpaka kinang'aa, asibakize. Sikuwahi kumwona akilamba."

Watu walikuwa wanapita na watoto wao wamevaa nguo mpya. Mie nimekaa kwenye ngazi za makumbusho na kanzu yangu, naangalia viatu. Zuhura akanishika bega, akasema, "Sikukuambia ili uumie, Baba. Nimechoka tu kukusikia ukijisifu mtaani na Mama hatajwi."

Sasa usiku sipati usingizi, na mchana nao ni hivyo hivyo, kwa sababu ya neno moja ulilosema ukiwa umelala pale chumbani. Zilikuwa zimebaki siku nne, ila hatukujua. Mwili umekwisha, mkono wako umekuwa mwembamba kama wa mtoto. Nilikuuliza, "Mama Zuhura, roho inataka nini? Sema, hata kama kiko Zanzibar nitakifuata." Ukanitazama. Ukasema, "Nionjeshe kile unachokulaga wewe."

Nikacheka. Nilicheka, nikakwambia, "Weee, utanisahau!" Nawe ukacheka, meno yakaonekana yote. Nikadhani tumetaniana. Nikatoka kwenda kwa wateja, na kulikuwa na vichwa sita kwenye sufuria siku ile. Sita! Siku ya pili yake hukuweza kumeza hata maji.

Sijui ulikuwa unatania au ulikuwa unaomba. Hilo ndilo linalonila. Miaka ishirini na saba ya ndoa hukuniomba, ukaniomba mara moja, nami nikakujibu kwa maneno ya baba yangu.

Tangu Idi ile nimejaribu kusahihisha. Zuhura alipopangiwa kazi ya kufundisha Songea, tukafanya dua na wali kidogo, majirani wakajaa. Wakasema mzee azungumze. Nilisimama nikiwa nimekusudia kukutaja. Wallahi nilikusudia. Nikafungua mdomo, likatoka lile lile la siku zote, mimi nimesomesha, mimi nimelea, mimi nimehangaika na vichwa vya mbuzi. Watu wakapiga makofi. Zuhura aliniaga asubuhi yake kwa adabu zote, akabusu mkono wangu, lakini macho hakuyainua. Mpaka leo nimepata barua moja tu kutoka kwake, inauliza kama dawa ya macho imekwisha.

Juzi nikasema leo ni leo. Asubuhi benchi zimejaa. Chande yule kuli wa bandarini, unamjua, mwenye domo, akaanza uchokozi wake. "Mzee profesa, hebu tupe siri. Zuhura akili kazitoa wapi, na wewe hata risiti unaishika kichwa chini?"

Nikaweka upawa. Nikasema, "Kazitoa kwa mama yake. Mama yake alikuwa anaiba ubongo kwenye sahani yangu anamlisha, kwa sababu mie nilikuwa nawanyima. Yeye mwenyewe alikufa hajauonja."

Chande akaangua kicheko, na benchi zote zikafuata. "Mzee leo kaja na mpya! Mpaka kuibiwa nako anajisifia!" Mwingine akasema, "Jamani mpeni chapati, njaa inamtoa maneno." Nikasema, sitanii. Wakacheka zaidi. Nikapiga upawa kwenye sufuria, nikasema kwa sauti, "Nilimnyima mke wangu!" Chande akafuta machozi ya kucheka, akasema, "Basi mzee, tumekubali, wewe ni mkorofi namba moja Temeke nzima. Niongezee supu."

Nikamwongezea. Ningefanya nini? Wameyazoea majigambo yangu miaka yote, ukweli nimewaletea mara moja hawakuutambua. Ndiyo maana nimeandika. Nakala moja nitaituma Songea kwa Zuhura, na nyingine nitaibandika hapa ukutani juu ya benchi, Chande akitaka kucheka acheke huku anasoma.

Lakini wewe ndiye ninayekuandikia. Ulinistahi mno, Mama Zuhura. Ulinificha nisijione mwizi nyumbani kwangu, ukakubali mwizi uwe wewe. Huko uliko, siku ukiulizwa kama mumeo alikutimizia haki yako, nakuomba usinistahi tena. Usicheke, usishike khanga mdomoni, usiseme alikuwa mtu mzuri ila mbishi. Sema, "Nilimwomba, na hakunionjesha." Nitakuwa nimesimama hapo karibu, na safari hii sitajibu kitu.

Lala salama, mke wangu.

Ni mimi mumeo,
Baba Zuhura