Dawa Niliyomwaga Mferejini

Gatong'ora,
Ruiru.
14 Juni 2025

Mpendwa kaka Githae,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Kile kifua kilichokusumbua kwa vumbi la Doha kimepona? Unakula vizuri? Mama hajambo, ni magoti tu, na kila asubuhi ananiuliza kama umepiga simu. Mimi mwili ni mzima.

Barua hii anakuletea jirani yetu Wayua, anayerudi huko kazini. Nimeshindwa kukupigia kwa sababu nikisikia sauti yako nitadanganya.

Kuku wangu wamekufa, kaka. Mia tatu na ushei kwa wiki mbili. Niliwapa dawa ile ile ya unga ninayowatibia siku zote, nikaongeza kipimo mara mbili, wakazidi kuanguka. Nililia hadi machozi yakaisha, kisha hasira ikanijaa.

Unajua ndugu yetu Kahiga husaga mitungi ya plastiki, halafu chengachenga anaziosha kwenye mfereji ulio mwisho wa shamba. Dhwani, binti wa chuo kikuu aliyepanga Wendani, alikuja mara tatu kuchota maji na tope pale. Akatuambia kwamba vumbi la zile chenga, jingine dogo hata jicho halilioni, hunasa dawa za kuua vijidudu. Dawa inang'ang'ania plastiki, na vijidudu vinavyoishi juu yake vinaizoea. Na kuku wangu walikunywa maji ya mfereji huo.

Sikungoja amalize. Nilichukua jembe la meno nikaenda. Nilivunja mashine ya Kahiga, nikapasua ndoo, nikatoboa magunia. Alipokuja kunishika mikono nilimtemea mate usoni.

"Waceke, umeingiwa na nini? Wacha, utaumiza mtu!"

"Umemaliza kuku zangu, mbwa wewe!"

Nikashusha jembe. Jino moja liliingia chini ya goti likagota kwenye mfupa, nililisikia. Alianguka ndani ya karo anapooshea, chenga nyeupe zikawa nyekundu, na Mungu anisamehe, nikampiga teke la mbavu akiwa bado amelala mle. Muthoka, mfanyakazi wake, ndiye aliyeniangusha na kunikalia mgongoni.

Dhwani alikuja na daftari lake. "Auntie," akaniuliza, "sasa hiyo dawa imeshika kwa plastiki imetoka wapi?"

Jina la dawa aliloandika daftarini ndilo lililo kwenye pakiti zangu. Dukani hutuambia dawa iliyochanganywa na maji isilale hadi kesho yake. Basi miaka minne, kila nikiwatibu kuku, jioni nilimwaga mabaki mferejini, juu kidogo ya pale Kahiga anapooshea. Nilijiona msafi kwa kutoilaza.

Kidonda cha Kahiga kimeoza. Hospitalini Thika wamejaribu dawa tatu, zote zimeshindwa. Jumatatu watamkata mguu juu ya goti. Dhwani hathubutu kuapa kwamba vijidudu hivyo vilitoka mferejini. Mimi sihitaji aape.

Polisi walipofika wodini, Kahiga aliwaambia aliteleza akaangukia mashine. Mimi nilikuwa nimesimama hapo na chupa ya uji. Walipoondoka akaniomba nimmiminie. Nimechukia huruma yake kuliko ninavyojichukia mwenyewe, Githae. Afadhali angenipiga.

Akishatoka chumba cha upasuaji nitakwenda kituo cha polisi niseme nilichofanya. Mama bado hajui. Nitamwambia Jumapili akitoka kanisani, na naogopa hilo kuliko seli.

Nisalimie Maluki mnayeishi naye. Shangazi Tabby na Wangechi wanakusalimu sana. Mungu akufunike na akupe ruhusa ya kutoka kazini upesi, kwa sababu nakuomba uje. Siku Kahiga atakaposimama kwa magongo mara ya kwanza, atahitaji ndugu wa kumshika, na hawezi kuwa mimi.

Dada yako akupendaye,
Waceke