Mabao ya Wavunaji

Fort McMurray, 12 Januari 1997

Kaka Orest,

Salamu nyingi. Krismasi yetu ya Kiukreni ya tarehe saba imepita salama? Mimi mzima, ila baridi ya huku kwenye kambi ya wafanyakazi imenipasua midomo. Baba anaendeleaje hapo nyumba ya wazee? Ile ngano tamu ya kuchemsha ya Krismasi alikula?

Sasa tuje kwenye ugomvi. Disketi na matokeo ya ligi yetu ya hoki ya kompyuta vimefika, nikakaa kantini na kalamu. Kaka, hiyo kompyuta yako inayotuchezea mechi inakunywa? Kwa karatasi ya alama za wachezaji uliyotupa Septemba msimu ulipoanza, washambuliaji wangu wana wastani wa alama 81. Wa timu ya Baba, 64. Basi imekuwaje baada ya mechi arobaini mimi nina mabao 118 naye 171? Vikongwe vile! Fournier ana miaka thelathini na tisa, na kila Jumapili anafunga. Miaka kumi na moja kwenye ligi hii sijagusa kombe, na mwaka huu nilijua ni wangu. Hebu chungulia, huenda kuna kitu kimekwama.

Mdogo wako,
Bohdan

*

Yorkton, 20 Januari 1997

Mdogo wangu Bohdan,

Sisi hatujambo, theluji tu imefika madirishani. Baba yupo yupo. Ngano hakuigusa. Lakini jana nilipomsomea kwamba Wavunaji wake wameshinda 6–1, aliomba supu ya bitiruti, tena akamwambia muuguzi, “Andika kwenye cheti changu: mgonjwa kafunga sita!” Wodi nzima ikacheka.

Kuhusu mabao, ni bahati, bwana. Kipa wako ni chujio, usiisingizie kompyuta. Asiyekubali kushindwa si mshindani. Achana na hesabu, vaa kofia.

Kaka yako,
Orest

*

Fort McMurray, 3 Februari 1997

Kaka,

Natumaini nyote wazima. Mimi si mzima wa moyo.

Nilikuuliza habari za kufunga, ukanijibu habari za kipa. Hapo ndipo niliposhtuka. Karani wa kambi aliniazima kompyuta yake, nikafungua disketi yenyewe. Fournier, Septemba alikuwa na alama 58 za kupiga. Leo ana 94! Safu nzima ya mbele ya Wavunaji imepandishwa, na ya timu nyingine hata moja haikuguswa. Alama hizo hakuna anayeweza kuzibadilisha ila wewe, mkuu wa ligi.

Tangu tukiwa wadogo wewe ndiye uliyekuwa mtoto wa Baba, mimi wa kutumwa kuni. Hata kwenye mchezo, Kaka? Hata hiki kimoja nilichokuwa nakiweza?

Kanuni uliiandika mwenyewe: lalamiko lisilotumwa kwa mameneja wote siku moja halihesabiki. Basi nimetuma. Njia ya mwongo ni fupi.

Mdogo wako,
Bohdan

*

Yorkton, 7 Februari 1997

Bohdan,

Nisamehe, leo sina nafasi ya salamu. Nimepiga simu kambini mara mbili, wanasema uko zamu.

Ndiyo, nilipandisha. Oktoba Baba aligoma kula. Daktari akaniambia hataiona theluji ikiyeyuka. Jumapili moja Wavunaji wakashinda kwa bahati tu, naye akaomba mkate na siagi. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Nilitaka ashike kombe mara moja, basi. Akishaondoka ningefuta msimu wote na kukuomba radhi mbele ya kila mtu. Wewe sikukuambia kwa sababu hujui kuficha, ungemtania akang’amua.

Nijibu upesi jambo moja: hiyo barua umewatumia akina nani?

Kaka yako,
Orest

*

Fort McMurray, 11 Februari 1997

Kaka yangu Orest,

Nakusalimu kwa aibu. Nimekupigia simu tangu asubuhi, haipokelewi.

Nimewatumia wote kumi na wawili. Karani alinichapia lebo za anwani kutoka orodha ya mameneja, nami nikazibandika moja moja na hasira zangu, bila kusoma majina. Na Baba ni meneja. Mungu wangu, Kaka, Baba naye ni meneja!

Waambie wauguzi waizuie. Kama ameshaisoma, mwambie nimekosea hesabu. Atakubali, siku zote alisema kichwa changu ni cha kubebea kofia. Likizo wameninyima hadi mwisho wa mwezi. Nifanye nini? Nijibu, tafadhali.

Mdogo wako,
Bohdan

*

Yorkton, 19 Februari 1997

Kwa Bwana Bohdan Hrynkiw, Meneja,

Natumaini u mzima.

Bahasha yako ilimfikia Baba kabla sijaweza kuizuia. Aliisoma mwenyewe kwa kioo cha kukuzia. Nilimwambia umekosea hesabu, kama ulivyoomba. Akasema, “Usimtukane ndugu yako. Hesabu zake ni sawa.”

Kisha akaniamuru nirudishe alama za Septemba na kuzicheza upya mechi zote mbele yake. Jumapili nilibeba kompyuta hadi kitandani. Alifungwa 7–0, akafungwa 9–2, akafungwa 8–1, na kila tokeo alitaka nilisome kwa sauti. Baada ya mechi ya kumi akasema, “Basi. Sasa ni timu yangu.” Sahani akaisukuma, na hakuivuta tena.

Amefariki jana asubuhi.

Mameneja wamekubaliana ligi ifungwe. Kwa alama za kweli safu yako ndiyo kali kuliko zote, kwa hiyo kombe ni lako. Limo ndani ya boksi hili, limefungwa kwa gazeti.

Tunamzika keshokutwa, Ijumaa. Boksi hili nimelituma kwa posta ya kawaida, wameniambia litakufikia Jumatatu. Simu ninayo, sikutaka kukupigia.

Orest Hrynkiw,
Mkuu wa Ligi