Programu yangu imemfukuza bosi

Natacha weee, nimemfukuza bosi!

Si unaijua ile programu yangu, ya kumtoa kwenye miradi yetu ya kompyuta kila asiyesaini daftari la mahudhurio mwezi mzima? Leo nimeiwasha. Kumbe Benon hajawahi kusaini!

Imemtoa kwenye miradi yote, ikamtumia na barua: "Asante kwa utumishi wako. Heri huko uendako."

Kaja mezani kwangu, simu mkononi. "Liliane, naenda wapi?"

NAENDA WAPI! Yampayinka, Mungu wangu, nilitaka kuingia chini ya meza.

Na kumrudisha kunataka idhini ya mkurugenzi. Mkurugenzi si ndiye huyo huyo!

Imebidi ashuke mapokezi asaini kama sisi, ili programu imkubali tena. Pudentienne wa mapokezi katazama saa, kaandika mbele ya jina lake: AMECHELEWA.