Kesho ni Mteremko Tu

Ijumaa, 9 Agosti

Kambi ya chini. Kaka katufundisha kufunga fundo mpaka vidole vimekufa ganzi. Ni fundi wa mapaa, mlima huu ashaupanda, basi hatupumui! Kesho ule ukuta wa mwamba. Mkewe anajidai hana wasiwasi, lakini nimemwona akiutazama kama mkwe mkali. Mimi naogopa waziwazi. Bora yangu.

Jumamosi, 10 Agosti

Tumepita! Tumeupita ukuta!

Pale juu hakuna aliyetia mzaha. Mkono huu, halafu mguu ule. Kaka alikagua fundo langu, akalikagua tena, akamwita mkewe naye alikague. Chini yetu hewa tupu. Kileleni wifi akalia, akacheka, akasema nanuka beberu lakini nije anikumbatie.

Tuko kibandani. Miguu inauma, roho nyeupe. Kaka anasema kazi imekwisha, kesho ni mteremko tu.

Jumapili, 11 Agosti

Naandika ili nisihesabu dakika. Wifi kanilalia pajani.

Njia ilikuwa pana, ungeweza kupitisha ng'ombe. Nyasi kila upande. Tulikuwa tunapiga soga! Wifi katangulia, anageuka geuka kunisimulia vituko vya bosi wake. Juu ya jabali bapa kulikuwa na vijiwe, kama choroko zilizomwagika sakafuni. Akavikanyaga. Akaanguka kitako — nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka. Kumbe bado anakwenda! Nyasi zimelowa umande, anaserereka, anashika majani, yanamtoka mkononi. Hakupiga hata kelele. Kichaka kimoja ndicho kilichomzuia. Chini ya kichaka nyasi zinainama kidogo, halafu hazipo. Genge, hewa tupu chini yake. Ukiwa njiani hulioni, unaona kijani tu.

Tulimfunga kamba tukamvuta hadi njiani. Kifundo cha mguu kimegeukia upande usio wake. Simu hazina mtandao. Kaka akasema anakimbia kambini kuita watu. Nikamsihi afuate njia.

"Mdogo wangu, njia inazunguka mno. Nakata hapa kwenye nyasi."

Wifi akamdaka suruali. "Mume wangu, umeona yaliyonipata! Pita njiani."

Akasema atapita mbali na pale, yeye mapaa yenye utelezi ndiyo ofisi yake. Akajinasua, akashuka. Nikamtazama mpaka mgongo ukapotea.

Ukungu umepanda. Wifi anatetemeka, nimemvika koti langu. Kauliza kama mumewe ameshafika. Nikasema ameshafika, sasa hivi anarudi na watu.

Mluzi! Wa Kaka, ule wa vidole viwili anaowaitia mafundi wake. Nimesimama, nimeita. Kimya. Halafu tena, mfupi. Hautoki njiani. Unatoka kushoto, chini, kule kule kwenye nyasi.

Wifi kafumbua macho. Kausikia. Nimemwambia labda anatuita tu, labda ameona watu. Kanishika mkono, ananiambia niende, niende upesi.

Ananiambia niende, na mkono haniachii.